Fundo Katika Ulimi: Tuwaelewe Wenzetu Wenye Matatizo ya Usemi



Amiri wa darsa aliniomba niandike kuhusu matatizo ya usemi kwa kuwa ndiyo fani ninayoisoma, na pia kwa kuwa ndani ya jumuiya yetu kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Darsa yetu tunasoma Qur'an kwa mzunguko, aya tatu kila mtu. Yupo ambaye zamu ikimkaribia huinuka kwenda kutawadha, akarudi ikiwa imeshapita. Yupo aliyekataa ukatibu, na watu wakasema ni mvivu, kumbe katibu ndiye anayesoma kumbukumbu za kikao kwa sauti mbele ya wote. Na wapo wasiokuja kabisa. Tukiwahesabu hawa kuwa ni dhaifu wa imani tutakuwa tumewadhulumu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Usemi ni namna sauti inavyotoka: matamshi, mtiririko wa maneno, na sauti yenyewe. Lugha ni kile kilicho nyuma ya sauti: kuelewa maneno, kuyatafuta kichwani, kuyapanga yakawa sentensi. Mtu anaweza kuwa na lugha timamu kabisa na huku usemi wake unakwama. Mwingine husema kwa ulaini, lakini maelekezo marefu humpotea njiani, na neno analolijua halimjii linapohitajika. Huyu wa pili ni mgumu kumtambua. Tafiti za Marekani na Uingereza zimekuta kwamba kama watoto 7 katika kila 100 wana tatizo la lugha la namna hii bila sababu nyingine inayoonekana, yaani wastani wa wawili katika darasa la watoto 30. Wakikua, tatizo halipotei kwa sababu tu wamevaa joho. Ndiye yule mwenzako anayefanya kazi usiku kucha, kisha kwenye mtihani anajibu swali ambalo halikuulizwa.

Hapa niweke tahadhari moja, maana chuoni kwetu tumechanganyika: kuna Waganda, Wanyarwanda, Warundi, Wakongo, ndugu wa Arua na wa pwani. Lafudhi si ugonjwa. Katika Luganda sauti za r na l hazitenganishi maneno; kwa kawaida r hufuata irabu e na i, na l hukaa kwingine. Kwa hiyo ndugu wa Masaka akichanganya "kula" na "kura" hana kithembe, amekuja na lugha ya mama yake. Vilevile anayekwama kwa Kiingereza tu, lakini nyumbani anasimulia hadithi mpaka wajukuu wa jirani wanalala, huyo anajifunza Kiingereza, hana tatizo la lugha. Tatizo la kweli la lugha huonekana katika lugha zote ambazo mtu anazisema. Ukitaka kujua, muulize mama yake, usimuulize mhadhiri.

Sasa nije kwenye kigugumizi, kwa sababu ndicho kinachotugusa zaidi katika ibada na masomo.

Kigugumizi kina sura tatu. Ya kwanza ni kurudia: "ni-ni-ni-nasoma". Ya pili ni kuvuta sauti: "sssss-oma". Ya tatu ni kuzibwa: mdomo uko tayari, pumzi ipo, neno lipo, na hakuna kinachotoka. Anayesikiliza hudhani mtu amesahau. Hakusahau. Anajua neno kuliko wewe unavyolijua. Juu ya hayo huja mambo mengine ambayo mtu hujifunza katika kupigana na neno: kufumba macho, kutikisa kichwa, kupiga mguu chini, kuingiza "yaani, yaani" ili apate mwendo.

Kuna sehemu nyingine isiyoonekana kabisa. Joseph Sheehan, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, alikifananisha na siwa barafu baharini, ambalo sehemu kubwa iko chini ya maji. Kilicho chini ni aibu, hofu na hesabu za kila dakika. Mwenye kigugumizi huiona sentensi kabla hajaitamka, akaona neno litakalomkwamisha, akalibadilisha. Anataka wali, anaagiza ugali kwa sababu ugali unatoka. Anamwambia kondakta jina la kituo kinachofuata, kisha anarudi kwa miguu. Na liko neno moja ambalo halina badala, nalo ni jina lake mwenyewe. Ndiyo maana siku ya kwanza ya muhula, mhadhiri anaposema kila mmoja ajitambulishe, wapo wanaotokwa jasho kama wako kwenye mahojiano ya polisi.

Takriban mtu mzima 1 katika kila 100 ana kigugumizi, na wanaume ni wengi kuliko wanawake, kama wanne kwa mmoja. Kwa watoto wadogo ni wengi zaidi, kama 5 katika 100 hupitia hali hiyo kwa muda, hasa kati ya miaka miwili na mitano, na wengi wao huacha wenyewe. Fanyeni hesabu: chuo chenye wanafunzi 10,000 kina wenzetu wapatao 100. Ijumaa wakiswali watu 300 msikitini, tarajia watatu au zaidi. Unawafahamu wangapi? Kama jibu ni sifuri, basi wako chini ya maji.

Sababu yake ni nini? Mengi yanasemwa: alitishwa utotoni, alimuiga mjomba, ana jini, amepatwa na kijicho, ulimi umeshikwa chini. Elimu iliyopo leo inasema kwamba chanzo kiko katika namna ubongo unavyokua na kuendesha usemi, na kwamba kinapita katika koo. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Dennis Drayna wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, baada ya kuzichunguza familia za Pakistani zenye watu wengi wenye kigugumizi, walitangaza kuwa wamekuta mabadiliko katika jeni iitwayo GNPTAB. Jeni hiyo na nyinginezo zilizopatikana baadaye zinaeleza sehemu tu ya wenye kigugumizi, lakini zinatosha kutuambia kwamba hili si jambo la malezi mabaya. Kukata kijinyama cha chini ya ulimi hakukiondoi. Wasiwasi haukianzishi ingawa hukizidisha, kama vile mteremko hauianzishi safari ila huiongezea kasi. Dua na ruqya iliyo sahihi hazikatazwi, nani atakataza dua? Ila anayemwambia kijana wa miaka 20 kwamba kigugumizi chake ni jini, kisha akampiga au akamtoza fedha, huyo amechuma kwenye shida ya mwenzake.

Maneno tunayomwambia mtu kuhusu usemi wake yana uzito. Mwaka 1939 katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwalimu Wendell Johnson alimsimamia mwanafunzi wake Mary Tudor katika jaribio juu ya watoto yatima 22. Baadhi ya watoto waliokuwa wakisema vizuri waliambiwa kwamba wameanza kugugumia, na kwamba wasiseme mpaka wawe na hakika ya kusema sawasawa. Hawakugeuka kuwa wenye kigugumizi, lakini baadhi yao walinyamaza, wakawa wazito wa kujibu darasani, wakaziba midomo kwa mikono. Chuo kiliomba radhi mwaka 2001, zaidi ya miaka 60 baadaye. Nikisikia utani wa "leta remote tumwondolee pause" katika vikao vyetu, huwakumbuka watoto wale.

Katika dini yetu jambo hili halikuachwa bila mwongozo. Nabii Musa (AS) alipotumwa kwa Firauni, katika Suratu Taha aya ya 25 hadi 28 alimwomba Mola wake ampanulie kifua, amfanyie wepesi kazi yake, na alifungue fundo katika ulimi wake ili watu wafahamu maneno yake. Katika Suratu Shu'araa aya ya 13 anaeleza kifua kubanwa na ulimi kutokunjuka, mambo mawili pamoja. Nimewasikiliza wenye kigugumizi wengi katika mafunzo ya vitendo, na wengi huanzia hapo hapo, kifuani, kabla ya kufika kwenye ulimi. Na katika Suratu Qasas aya ya 34 aliomba Harun awe pamoja naye kwa kuwa ana ufasaha zaidi. Hakuona haya kuomba msaidizi.

Ibn Kathir katika tafsiri yake anataja kwamba Musa hakuomba fundo lote liondoke. Aliomba kiasi cha kueleweka, na kwamba Mitume huomba kwa kadiri ya haja. Ndiyo maana Firauni alibaki na la kumkejeli, kama ilivyo katika Suratu Zukhruf aya ya 52, kwamba ni mtu asiyekaribia kubainisha maneno. Tafakarini nani alikuwa upande gani katika kejeli ile. Na Mwenyezi Mungu hakubadilisha mjumbe akamleta fasaha zaidi; ujumbe ulifikishwa na ulimi ule ule. Ama kisa cha kaa la moto alilotia mdomoni utotoni, kimo katika vitabu vya tafsiri, lakini hakimo katika Qur'an yenyewe.

Kuna kisa kingine ninachokisikia kwenye mihadhara, cha Bilal (RA) kutamka sin mahali pa shin katika adhana. Kinasimuliwa kwa nia njema, kuwaliwaza watu. Lakini wanazuoni wa hadithi, akiwemo Ibn Kathir, wamesema hakina asili. Tusimsingizie Bilal kasoro ili tuwapendeze wengine. Tunayo yaliyo sahihi ya kututosha: hadithi ya Bi Aisha (RA) katika Bukhari na Muslim, kwamba anayeisoma Qur'an huku akipata tabu ana malipo mawili. Wanazuoni wameieleza zaidi kwa yule ambaye hajawa hodari wa kuhifadhi, lakini neno la Kiarabu lililotumika katika mapokezi ya Muslim ni la kukwamakwama katika kusema, na asiyelipata hilo maishani mwake ni nani?

Wanavyuoni wa zamani waliyachunguza matatizo haya kwa makini kuliko tunavyodhani. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, katika kitabu chake cha Al-Bayan wat-Tabyin ameandika aina za kasoro za ulimi na majina yake: anayeirudia taa, anayeirudia faa, anayegeuza herufi kuwa nyingine. Humo amemtaja Wasil bin Ataa, kiongozi wa Muutazila. Hatumfuati katika itikadi yake, lakini habari yake ni ya ajabu: alikuwa hawezi kuitamka raa sawasawa, basi akaiondoa kabisa katika maneno yake, akawa anahutubia pasipo raa hata moja. Watu walimsifu. Mimi nikisoma habari hiyo humwona yule mwenzetu anayeagiza ugali. Ni kipaji kikubwa, na ni mzigo mkubwa.

Swali ninaloulizwa sana na ndugu wa kiume: je, swala ya mwenye kigugumizi inasihi, na anaweza kuwa imamu? Mimi si mufti. Ninanukuu yaliyomo katika Minhaj ya Imam Nawawi, ambayo wengi wetu tumeisoma au tutaisoma kwa kuwa tuko katika madhehebu ya Shafi. Anayekariri herufi kwa sababu ya ulimi wake, swala nyuma yake ni sahihi, ila ni karaha kumtanguliza. Anayebadilisha herufi ya Fatiha ikawa nyingine, au akaingiza herufi ndani ya nyingine pasipo mahali pake, hasihi kumwongoza anayesoma sawasawa, ila anamwongoza aliye mfano wake. Tofauti iko wazi: wa kwanza ameongeza bila kutaka na herufi zote zimetimia, wa pili herufi imekosekana. Ama mwenyewe akiswali peke yake au nyuma ya imamu, ana udhuru kwa asiloliweza. Hata kunyamaza katikati ya Fatiha kwa sababu ulimi umezidiwa, wanazuoni wa Kishafi wameuhesabu kuwa ni udhuru, hakukati mfululizo wa kisomo. Wallahu aalam, na anayetaka kwa kina amuulize sheikh wake.

Tusichanganye hili na waswasi. Mwenye waswasi husema "Allahu Akbar" vizuri kabisa, kisha akatilia shaka kama ameisema, akairudia mara 10. Mwenye kigugumizi hana shaka yoyote. Anajua imetoka au haijatoka. Dawa zao ni mbalimbali. Ukimwambia mwenye kigugumizi "puuza tu, ni Shetani", umempa dawa ya jirani.

Na ndoa? Wapo vijana wanaoogopa akdi kuliko mahari, kwa sababu ya neno moja la kukubali mbele ya watu 200. Mafakihi wamekubali ishara ya bubu inayofahamika katika mikataba, nikahi ikiwemo. Ikiwa asiyesema kabisa amefunguliwa mlango, sioni kwa nini anayesema kwa kukatakata afungiwe. Bwana harusi mtarajiwa amweleze kadhi mapema, na kadhi asimharakishe.

Sasa kuna jambo linalowakosesha wengi imani na wenye kigugumizi. Ndugu anasoma Suratu Yasin kwa sauti nzuri, kwa mahadhi, bila kukwama. Dakika tano baadaye anaulizwa jina la hosteli yake, anazibwa. Watu husema anajifanyisha. La. Kuimba, kusoma kwa mahadhi na kusoma pamoja na wengine hupunguza kigugumizi sana, wakati mwingine hukiondoa kwa muda huo. Hilo limethibitika na linajulikana kwa kila mtaalamu wa fani hii. Ndiyo maana utotoni madrasa, tulipokuwa tunasoma kwa pamoja, hakuna aliyegundulika. Aligundulika siku mwalimu alipomwita peke yake mbele.

Basi pendekezo langu kwa uongozi wa darsa ni hili: zamu zetu zisomwe na watu wawili wawili kwa pamoja. Hakuna atakayejua nani anamsaidia nani, na wanaojifunza tajwid watanufaika vilevile. Anayetaka kusoma peke yake asome. Na mtu aruhusiwe kupitisha zamu kwa ishara ya mkono, bila maelezo.

Mazungumzo ya kawaida hayahitaji ufundi. Usimmalizie neno, hata kama unalijua. Mara nyingi utamalizia lisilo lake, naye itabidi aanze upya. Usimwambie "tulia, vuta pumzi". Ameambiwa hivyo tangu chekechea. Mtazame kama unavyomtazama mtu yeyote, usitazame simu kwa huruma. Bi Aisha (RA) ameeleza kwamba maneno ya Mtume (SAW) lau mtu angetaka kuyahesabu angeyahesabu, kwa utulivu wake. Mkizungumza hivyo ninyi mnaosema haraka, mazungumzo yote hushuka mwendo na mwenye kigugumizi hupata nafasi, bila mtu kumfundisha chochote.

Kwa upande wa masomo, wewe mwenyewe mwenye tatizo usisubiri siku ya kuwasilisha. Nenda ofisini kwa mhadhiri wiki mbili kabla, au mwandikie, umweleze una kigugumizi, na unaomba nini: muda zaidi, kuwa wa kwanza ili usikae saa nzima ukisubiri, au kuwasilisha mbele ya watu wachache. Ombi lenye kitu mahususi husikilizwa kuliko malalamiko. Na mbele ya darasa, sentensi moja ya kusema "nina kigugumizi, nivumilieni" huondoa nusu ya kazi, kwa sababu kazi kubwa ilikuwa ni kuficha. Najua ni rahisi kuandika kuliko kufanya. Wengi huanza kwa kumwambia mtu mmoja tu chumbani.

Tiba ipo, ingawa hakuna kidonge. Mtaalamu wa tiba ya usemi humfundisha mtu kuingia kwenye neno kwa wepesi, kutoka kwenye neno lililoziba bila kupigana nalo, na hata kugugumia kwa makusudi ili hofu ipungue. Lengo kwa mtu mzima si kukifuta kigugumizi, ni kusema anachotaka kusema, ajikwae au asijikwae. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza shahada ya fani hii mwaka 2008, ya kwanza Afrika Mashariki, na ilianzia katika idara ya masikio, pua na koo. Kwa hiyo pa kuanzia kuulizia ni kliniki ya masikio, pua na koo ya hospitali kubwa iliyo karibu nawe. Wataalamu bado ni wachache, mtu atasubiri, na nauli kwa walioko mikoani ni tatizo la kweli. Mfuko wetu wa ustawi umewahi kulipia miwani. Sioni kwa nini usilipie hili.

Nimalizie na wengine niliowapita haraka. Waadhini wetu, makhatibu na dada wanaofundisha watoto: sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu usiendelee kunywa tangawizi na kukohoa ili kuisafisha. Kukohoa huko huzigonganisha nyuzi za sauti na kuziumiza zaidi. Kunywa maji, tumia kipaza sauti, nenda ukachunguzwe koo. Na yeyote, kijana au mzee, ambaye jana alisema vizuri na leo ghafla maneno yanakatika au hayaeleweki, hasa kama upande mmoja wa uso umelegea au mkono umeishiwa nguvu, hicho si kigugumizi. Kinaweza kuwa kiharusi. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na mwandike saa mliyoiona hali ilipoanza, kwa sababu daktari atawauliza.